Rangi ya Kucha kwenye Miwani ya Skola

Lumemo, Ifakara
Jumamosi, alasiri

Mwanangu Skolastika,

Najua utacheka. Mtu tunalala naye nyumba moja, tunakula naye sinia moja, halafu ananiandikia barua! Cheka tu. Umekwenda ng'ambo ya mto Lumemo kumuaga bibi yako, baba yako yuko uani na nyavu zake, na mimi nimebaki humu ndani na maneno ambayo kwa mdomo siyawezi. Kwa mdomo mimi huanza vizuri. Halafu nakuona umeinamisha kichwa, nami hasira zinanipanda kwa nini umeinamisha kichwa, na mazungumzo yanaishia hapo. Unanijua mama yako.

Nitaiweka barua hii sandukuni mwako, chini ya zile kanga mbili, uikute ukiwa umeshavuka Kilombero na lori linapanda milima ya Mahenge kukupeleka shuleni. Huko hutaweza kunijibu, na mimi sitaweza kukukatiza.

Habari za kufua, za kuamka mapema na za kusali sikuambii. Shangazi yako amekuhubiria hayo wiki nzima mpaka mimi nisiyehubiriwa nimechoka. Mimi nina jambo moja tu linaloninyima usingizi tangu Jumanne, nalo ni miwani yako. Ngoja, niseme kweli. Miwani ni miwani, kitu cha dukani. Ninachokiogopa ni ule ufa, na jinsi ulivyouficha.

Jumanne tulikuwa tunapepeta mchele uani, mimi, wewe na wale majirani wawili. Ukainama kuchukua ungo, miwani ikadondoka usoni pako vipande viwili, kioo kimoja huku, kingine huku. Nikadhani imevunjika palepale. Nikaokota kipande kimoja, nikaona weusi pale katikati panapokalia pua. Nikagusa, kidole kikanata. Ulimbo! Ulimbo wa watoto wa kunasia ndege, umechanganywa na masizi ya chungu ili usionekane.

"Tangu lini?" nikakuuliza.

Ukainamisha kichwa.

"Skola, nakuuliza wewe. Tangu lini?"

"Tangu mavuno, mama."

Tangu mavuno! Na sasa watu wanaangalia mawingu ili wapande tena. Miezi yote hiyo umetembea na ufa puani, kila jioni unapaka ulimbo, unalala, unaamka, unanisalimia shikamoo mama, nami naitikia marahaba sijui kitu. Na lori ni Jumapili. Na Mwalimu Mkuu wa shule ya kule ameandika wazi kwamba msichana asiyeona ubao asipelekwe, maana atarudishwa kwa lori lililomleta. Na mvua zikishakaza hakuna lori jingine.

Ndipo nikasema lile neno. Nililisema mbele ya majirani. "Basi usiende! Kaa hapa upepete mchele, macho ya kupepetea unayo."

Hukulia. Ungelia ningejua la kufanya. Ulinyanyua ungo ukaendelea kupepeta, na nusu ya mchele ikawa inamwagikia kuku, kwa sababu hata hayo macho ya kupepetea hukuwa nayo.

Nitakuambia jambo ambalo hata baba yako sijamwambia. Kwa muda mfupi pale nilifurahi. Nilisema moyoni, haya, mambo yamekwisha, mwanangu haendi tena, Mungu mwenyewe amekata shauri. Nilikuwa hata nimeanza kupanga shamba utakalolima. Halafu nikauona mkono wako unapapasa ardhini kutafuta kipande cha pili cha miwani ambacho kilikuwa mbele yako kabisa, nami nikaona haya. Nikakiokota mimi. Nikasema, huyu ataondoka Jumapili, hata kama ni kwa kumshikia miwani kwa mkono wangu mpaka Mahenge.

Sasa kazi yangu unaijua. Kibuyu kikipasuka toka hapa mpaka Idete wanamwambia mwenyewe, mpelekee Mama Skola akishone. Na umeniona tangu ukiwa mgongoni mwangu: naanza kwa kutafuta mwisho wa ufa, siyo mwanzo wake. Mwanzo kila mtu anauona. Mwisho ni mwembamba kama unywele, lazima upake majivu yaliyoloweshwa ndipo uone umefika wapi, na pale unapoishia natoboa tundu moja dogo kwa msumari wa moto. Ufa ukifika kwenye tundu unasimama. Usipotoboa, utashona vizuri, utaziba kwa nta, utasifiwa, na kesho ufa utakuwa umeshapita ushonaji wako unakwenda zake. Nimewaharibia watu vibuyu vingi kabla sijajua hilo.

Basi na miwani nikafanya hivyohivyo, mjinga mimi. Niliona ile rangi yake ya asali na madoa ya kahawia, nikasema hii ni pembe ya ng'ombe, hata mpini wa kisu cha babu yako ni hivi hivi, na pembe huwa inapashwa moto inalegea. Nikatia msumari jikoni mpaka ukawa mwekundu. Namshukuru Mungu alinipa akili nijaribu kwanza kwenye ncha ya mkono wa miwani, pale panapozunguka sikio. Msumari ulipogusa tu, fyuu! Moto! Siyo moto wa kuungua polepole, moto wa kurukia mtu. Uliniunguza nyusi za upande mmoja, macho yakaponea chupuchupu. Nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kunywa, na jiko zima likanuka kafuri kama kuna maiti anakoshwa.

Ndiyo maana mkono wa kulia una mkia wa mwanzi aliouchonga baba yako. Uliniuliza, "Mama, huu mkono umekuwaje?" Nikakukemea, nikasema usiniulize maswali, nina kazi. Unaona sasa? Mtoto anafichia wapi ufa, kama si mahali alipomwona mama yake akificha wake?

Jumatano nikaenda kwa fundi baiskeli, akanipa solusheni anayozibia mipira. Ilishika. Nikafurahi, nikaimba. Jioni ikavutika ikawa kama ute wa bamia, miwani ikafunguka taratibu, kioo kimoja kikaning'inia. Solusheni ni ya vitu vinavyonyumbuka, Skola. Kitu kigumu hakitaki gundi laini.

Alhamisi nikawa sina pa kwenda. Nikaenda kwa Bi Zuhura, mke wa mwenye duka la kona sokoni, nyusi zangu za upande mmoja zikiwa zimeungua, kichwa kinaniuma. Sikwenda kuomba gundi. Nilikwenda kununua chumvi, nikajikuta natoa miwani kwenye upindo wa kanga namwonyesha.

Akaigeuzageuza. Akacheka, mwanamke yule anavyocheka, mpaka mabega.

"Mama Skola, uliitia moto hii? Haki ya Mungu ungeunguza nyumba! Hii si pembe, hii plastiki. Ndugu yake ni hiki kitana changu."

"Sasa plastiki inashonwa kwa kitu gani?"

"Sijui kushona miye. Lakini nikwambie kisa. Mwaka jana chupa ya rangi ya kucha ilinimwagikia juu ya vitana viwili. Nikasema nitavifuta kesho. Kesho yake vimekuwa kitana kimoja! Nimevuta, nimekanyaga, havibanduki mpaka leo."

Akanionyesha. Kweli, viwili vimeumana. Nikakichukua kimoja nikavuta kwa nguvu zangu zote za kutwanga, kikavunjika mahali pengine, lakini pale palipoumana hapakuachia. Moyo wangu ukaruka. Nikamwambia, "Dada, nipe hiyo rangi." Akasema, "Nyekundu tu, nyingine sina." Nikasema hata kama ni ya kijani.

Nimejifunza mambo kwenye ile chupa ndogo, na sikuyajua yote kwa mara moja. Mara ya kwanza haikushika kabisa. Nikaketi nikawaza, nikakumbuka uso wako unavyong'aa mafuta ya nazi kila asubuhi. Miwani imekunywa mafuta miaka yote, gundi itauma nini? Nikaiosha kwa maji ya moto kidogo na sabuni ya kufulia, nikaikausha, nikakwangua kingo zake kwa majani ya msasa mpaka zikapoteza mng'aro. Mara ya pili ikashika, lakini nilipaka nyingi, nikidhani nyingi ndiyo imara, ikawa juu imekauka na ndani ni uji. Na mara ya tatu niliipaka nyembamba, nikaunganisha, nikafunga kwa uzi, halafu nikashindwa kuvumilia. Kila saa naifungua niione. Kama wali: ukifunuafunua sufuria unakula mbichi. Baba yako ndiye aliyeninyang'anya akaiweka juu ya kabati.

"Benedikta," akasema, "samaki akiwa kwenye mtego humpigi hodi."

Hatimaye jana imeshika. Ukaivaa, ukatazama mpaka kule kwenye msitu wa mianzi, ukasema, "Namwona mtu amebeba mkaa." Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia peke yangu, kisha nikarudi nikakugombeza kwa kuacha mlango wazi.

Sasa nikuambie kwa nini ule ulimbo umenitisha kuliko hata moto.

Unajua mimi nilisoma, ndiyo maana nakuandikia. Nilipelekwa bweni misheni nikiwa mdogo kuliko wewe. Nilikuwa naongoza darasa, usicheke. Mwaka wa pili funza akaniingia kidole cha mguu. Nikamtoa mwenyewe kwa mwiba, mwiba wenyewe niliuokota njiani. Kidole kikaanza kuuma, kikaanza kunuka. Nami sikusema. Mwalimu wetu alikuwa na usemi wake kwamba funza hupenda wasichana wachafu, na mimi nilikuwa kiongozi wa usafi. Ningesemaje? Nikafunga kitambaa. Nikacheza rede na wenzangu huku nimeuma meno. Usiku naweka mguu nje ya blanketi ili harufu iende upande wa dirisha. Mwenzangu wa kitanda cha jirani alipogundua, mguu ulikuwa umevimba hadi gotini.

Walinibeba kwa machela mpaka nyumbani. Kidole kikakatwa. Nilipoweza kutembea tena masika ilikuwa imepita, na nafasi yangu alikwisha kupewa mtoto wa mtu mwingine. Ninyi wote nimewaambia kidole kile kilikatwa na jembe. Hakikukatwa na jembe. Kilikatwa na kunyamaza kwangu, na nimekilipia kwa kulima mpunga miaka yote hii.

Kwa hiyo ulipokaa kimya Jumanne, sikukuona wewe. Nilijiona mimi pale nimeuma meno. Nikaogopa, na mimi nikiogopa nafoka, hiyo ndiyo tabia yangu mbaya, nimeirithi na sikuitafutia dawa. Najua ulificha ufa kwa sababu ya mdomo wangu. Uliona ni afadhali ulimbo kuliko mama. Jambo hilo linaniuma, Skola, linaniuma kweli.

Nawaza: huko atafanyaje? Akipata homa atasema? Akishindwa hesabu atasema? Mtu akimsogelea vibaya atasema, au atapaka masizi juu aendelee kusema shikamoo? Kuna mtu huko atakayeona kidole kikinata? Haya ndiyo ninayohesabu kitandani, na baba yako anakoroma.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini wanaosema hivyo wanaruka kazi yenyewe. Kuziba si kazi, nimeziba kwa rangi ya kucha! Kazi ni kumwendea mwenye ukuta na kumwambia, njoo uone, pamepasuka. Mimi sikukufundisha kazi hiyo. Nilikufundisha kupepeta, kupika, kukuna nazi na kushona kibuyu, na hiyo moja niliiacha kwa sababu na mimi siiwezi.

Asubuhi hii nilitaka kufanya ujinga mwingine. Nimeutazama ule mstari mwekundu katikati ya miwani, nikaanza kuwaza. Masista watasema nini? Msichana wa Ifakara amekuja na rangi ya kucha usoni! Watadhani tunakulea sokoni. Baba yako anasema watadhani umeumwa na nyuki puani, lakini yeye kila kitu kwake ni mzaha, Wandamba ndivyo walivyo, wamezoea kucheza na maji. Mimi nikachukua wembe nikwangue. Nikaogopa wembe utaanzisha ufa mwingine. Nikaweka wembe chini, nikaenda jikoni, nikapangusa masizi kwenye chungu kwa kidole, nikarudi. Nilikuwa nimeshainyanyua miwani, kidole cheusi hiki hapa, nikagutuka. Nikajiambia, Benedikta, unafanya nini?

Nikanawa mikono. Wekundu nimeuacha. Wakikuuliza, waambie ni rangi ya kucha ya Bi Zuhura, mama yangu ameitumia kama gundi kwa sababu miwani ilivunjika na mimi sikusema mapema. Yote hayo, mpaka mwisho. Ukiweza kumwambia Mwalimu Mkuu maneno hayo siku ya kwanza, mengine hayatakushinda.

Lakini utaweza? Hilo ndilo silijui. Naandika karatasi ya tatu na bado silijui. Kwa kweli, Skola, nimewaza mpaka mchana huu kama nikuzuie. Siyo kwa hasira sasa, bali kwa woga. Mtoto asiyesema, unamtuma vipi mahali ambapo huwezi kumtazama usoni? Nimemuuliza baba yako. Amesema, "Mwache mtoto aende." Nikamwambia, wewe huogopi? Akasema, "Naogopa. Nani kakwambia siogopi?" Akaendelea kufuma wavu, na jicho la wavu alilolifuma likatoka kubwa kama la kunasia kiboko.

Nasikia sauti yako uani. Umerudi mapema. Unatembea haraka, mbona unakimbia? Ngoja.

Naendelea. Jua limekuchwa na taa imeshawashwa.

Uliingia moja kwa moja mpaka hapa mezani, hata barua hukuiona, nimeifunika kwa kawa. Miwani ilikuwa mkononi mwako, siyo usoni. Unahema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, imeachia. Nilimbebea bibi kuni, nikainama. Haijaachia yote, ni hapa chini. Angalia, ufa umefika hapa."

Ukaniwekea kidole chako kwenye mwisho wa ufa. Kwenye mwisho, siyo mwanzo. Na kichwa hukukiinamisha, ulikuwa unanitazama na hayo macho yako yasiyoniona, unasubiri nifoke.

Na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kesho asubuhi lori! Nani alikutuma kubeba kuni? Baba yako alisimama mlangoni na wavu wake mkononi, anasubiri na yeye. Nilifunga mdomo, nikakuvuta nikakukumbatia, ukashangaa, kwa sababu mimi na wewe hatuna mazoea hayo. Ulinuka moshi wa kwa bibi yako. Moyo wako ulikuwa unakwenda mbio, na wangu pia.

Safari hii tumeifanya pamoja, umeona mwenyewe. Hakuna moto. Sindano ya kushonea nyavu, inazungushwa polepole kwa vidole mpaka itoboe, tundu moja mwisho wa ufa, na mawili kila upande. Baba yako amechomoa uzi kwenye wavu wake mpya bila hata kuombwa. Nimeshona kama kibuyu, nikapaka rangi juu ya uzi, nyembamba, wewe umeishikilia na hukutikisika. Sasa imelala juu ya kabati, na hakuna atakayeifunua.

Sijui kama itakuwa imeuma sawasawa kufikia alfajiri. Labda utapanda lori huku umeishikilia puani kwa kidole. Mto unanitisha, pantoni lile linanitisha, dereva nimemwona leo sokoni na sikumpenda. Huko Mahenge kuna baridi na blanketi lako ni jepesi. Lakini miwani ikivunjika tena, hata ikivunjika vipande kumi, usirudi. Nilikuwa nangoja kitu kimoja tu ili moyo wangu ukubali kukuachia, na umekileta mwenyewe, mbio, ukihema, njia nzima kutoka kwa bibi yako bila kuona unakokanyaga.

Nenda, Skola.

Mama yako,
Benedikta